Msichana wa Ukurasa wa Redio

Mimi ni mmoja wa watu walioandika kitabu cha teknolojia cha mwaka wa tano wa shule ya msingi, kile chenye jalada la kijani, na jina langu halimo ndani yake. Majina yaliyomo ni ya watu waliofika Uvira kupitia Bujumbura, wakalala kwenye hoteli yenye jenereta, wakatuaga kwa mikono miwili na kuondoka. Sidai chochote. Kwa yaliyotokea, afadhali jina langu lisiwemo. Nasema hivi tu ili anayesoma ajue tangu mwanzo kwamba ninaandika na hasira, na kwamba sijaimaliza.

Nilikuwa nafundisha katika shule moja ya msingi huko Kilibula, mtaa mmoja wa Uvira. Somo la teknolojia lilikuwa kwenye programu miaka yote, ila tulilifundisha kwa chaki: wenzo, kapi, pampu ya baiskeli, betri na balbu, vyote vikichorwa ubaoni na kufutwa. Kitabu cha zamani kilikuwa na picha, na katika kila picha fundi alikuwa mwanaume. Mwanamke alitokea mara moja tu, anachota maji, ili watoto waelewe bomba linavyofanya kazi.

Zikipatikana siku za mazoezi, yaani mtu akileta tochi mbovu kutoka nyumbani, kazi iligawanyika yenyewe. Wavulana walifungua. Wasichana walishika. Walishika skrubu zisipotee, walishika kifuniko, walishika kitambaa cha kupangusia. Hakuna mwalimu aliyetoa amri hiyo, ndivyo tu mambo yalivyokwenda, na nyumbani yalikwenda hivyo hivyo. Kaka yangu alipokuwa akitengeneza baiskeli ya baba, mimi ndiye niliyemshikia taa, na mkono ukitikisika nagombezwa. Nilimshikia miaka mingi. Hadi leo sijui kurudisha mnyororo wa baiskeli mahali pake, na jambo hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kati ya vita na vita, na kwetu huo ndio unaoitwa wakati wa amani, ikaja proje, yaani mradi wa wafadhili. Walitaka vitabu vipya vya teknolojia ambamo wasichana na wavulana wangekuwa sawa. Wakachagua walimu wachache wa mjini na wa uwandani, upande wa Sange, wakatukusanya kwenye ukumbi wa parokia. Palikuwa na maua ya plastiki juu ya meza, soda, na vibandiko vya majina vifuani. Mama wa proje alitoka Kinshasa, kijana bado, mpole, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Pembeni yake alikaa enspekta wetu, mzee aliyebakiza muda mfupi kabla ya kustaafu, na aliyependa kuchekesha watu hasa wakati wa kazi.

Siku ya kwanza tu akasema, "Sasa mwanamuke akishika turnevis, bugali nani atapika?"

Turnevis kwetu ni bisibisi. Ukumbi mzima ukacheka. Walimu wa kike pia walicheka. Mama wa proje naye alitabasamu, kwa kuwa hakuelewa.

Kazi yetu, kumbe, ilikuwa kuhesabu. Tulipewa michoro ya kitabu cha zamani tuhesabu wanaume wangapi, wanawake wangapi, kisha tusawazishe. Mchoraji aliyeletwa kusaidia alikuwa mtu wetu wa mjini, yule aliyeandika vibao vya saluni na vya maduka ya dawa kwenye barabara kubwa. Akaambiwa asahihishe michoro. Akaisahihisha kabla ya chakula cha mchana: kila mwanaume wa pili alimvalisha sketi na hereni. Kukawa na msichana juu ya ngazi anayefunga balbu, miguu yake imejaa misuli ya mbeba mizigo wa bandarini Kalundu, na masharubu yake bado yanaonekana chini ya rangi. Mama wa proje akapiga makofi. Nusu kwa nusu ilikuwa imepatikana.

Nilisimama. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya wakubwa, ila siku ile damu ilinipanda. Nilisema kwamba yule si msichana, ni mvulana aliyevalishwa sketi, na watoto wangu wakimwona watacheka, kisha watakachobaki nacho ni kicheko hicho. Nilisema pia kwamba ile nyumba nyeupe ya kwenye michoro, yenye bustani na kompyuta mezani, haipo Kilibula. Tuchoreeni vitu vyetu, nikasema. Tuchoreeni ukuta wa shule yetu, ziwa letu, ndagala zilizoanikwa mchangani. Na mumchore msichana wa kweli anayefanya kazi ya kweli.

Enspekta akaniuliza, "Na ule binti wa kweli iko wapi, madamu?"

"Iko mu darasa yangu," nikamjibu.

Sikuwa natafuta ushindi. Nilikuwa naye kweli.

Alikaa mstari wa pili, karibu na dirisha. Mtoto mwembamba, mwenye kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, asiyesema mpaka aulizwe. Baba yake alikuwa ameuawa kwenye barabara ya Sange katika vita vilivyotangulia, akamwachia mama yake taa za kuvulia. Ndizo zile taa zinazotundikwa kwenye mitumbwi ili ndagala, wale samaki wadogo wanaolisha mji wetu wote, wafuate mwanga na kuingia wavuni. Mama alizikodisha kwa wavuvi jioni, akazipokea asubuhi, na hicho ndicho walichokula.

Nilimgundua siku ya tochi. Wavulana walikuwa wameifungua na kuifunga mara kadhaa, haiwaki, wameanza kugombana. Yeye alikuwa ameshika skrubu kwenye kiganja, kama kawaida. Akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Hii waya haigusi." Akamwagia mwenzake zile skrubu mkononi, akakwangua ncha ya waya kwa kucha, akaikunja, akaibana. Tochi ikawaka. Mimi nilifurahi hata nikashindwa kuendelea na somo, nikawaambia waimbe.

Baada ya ule ubishi wa ukumbini nilimfuata mama yake ufukweni kumwomba ruhusa. Alikuwa akigeuza ndagala juani. Nikamweleza habari ya kitabu, kwamba binti yake angechorwa akitengeneza taa ya kuvulia, maana nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizitengeneza zile za nyumbani. Uso wa mama ukabadilika. Akanivuta mkono, tukasogea mbali na wenzake.

Wasiojua kwetu lazima waelezwe hapa. Taa ya kuvulia mwanamke anaweza kuiosha kioo, anaweza kuibeba kichwani hadi majini. Kuifungua ndani hapana. Wavuvi wanasema taa iliyofunguliwa na mkono wa mwanamke inawaka vizuri lakini haiiti samaki. Ukicheka utacheka peke yako, maana hakuna mvuvi atakayepanda nayo mtumbwini. Yule mama alikuwa akiwaambia taa zake zinatengenezwa na fundi wa Songo. Fundi wa Songo hakuwepo. Fundi alikuwa mtoto wa mwaka wa tano, mlango umefungwa, baada ya kuosha vyombo.

"Mukimuchora na taa, madamu, bavubi batajua," akaniambia. "Na kesho minye nitapika nini?"

Tukafikiri pamoja. Ndipo mimi nikasema, basi tumchore na redio. Redio haina mwiko. Mama akarudia neno langu, "Redio haina mwiko," tukacheka sote wawili, tumeridhika kabisa na akili zetu. Nakumbuka kicheko kile vizuri mno. Taa ya samaki isingemvuta mtu yeyote mwenye bunduki.

Mchoraji alikuja darasani. Nilimwonya asithubutu kuanza na mwanaume. Akaona aibu kidogo, kisha akafanya kazi ambayo sikujua kwamba anaiweza. Alimchora yule mtoto alivyo, na kovu lake, ameinama juu ya redio iliyofunguliwa, bisibisi mkononi, ulimi umetoka kidogo kwa kukaza akili. Nyuma yake akachora ukuta wetu, na kwenye ukuta akaandika yaliyokuwa yameandikwa kwenye ukuta: jina la shule, na chini yake, Kilibula. Huyu alikuwa mtu wa vibao. Herufi ndizo alizozipenda kuliko nyuso, hakuweza kuuacha ukuta wenye maandishi bila maandishi yake. Enspekta aliona, mama wa proje aliona, mimi niliona. Tulijivuna. Shule yetu ilikuwa imeingia kitabuni.

Vitabu vya majaribio vilitolewa kwa shule chache, yetu na nyingine moja ya Sange zikiwemo, pamoja na sanduku la vifaa kwa kila shule: koleo, bisibisi, waya, balbu, betri. Direkta wetu, yaani mwalimu mkuu, alilifungia sanduku ofisini lisichakae. Niligombana naye kila wiki ili alitoe, na kila wiki lilitoka.

Muhula ule nilifundisha kweli. Niligeuza kazi: wasichana wafungue kwanza, wavulana washike, kisha wabadilishane. Mvulana mmoja alininunia kwa kuwa aliachwa na skrubu mkononi kipindi kizima. Nikamwambia akaze roho, mimi nilishika za kaka yangu miaka mingi na sikufa. Taratibu wasichana waliacha kuniuliza, "Madamu, niguse?" Waligusa. Mmoja alirudi kutoka nyumbani akanieleza kwamba ameshtuliwa na waya wa jirani, ananieleza huku anacheka, na wenzake wakamwonea wivu. Yule wa ukurasa wa redio walimwita fundi. Mwanzoni walimtania, baadaye likawa jina tu, na watoto wa mwaka wa nne walikuja dirishani kulinganisha uso wake na kitabu.

Vita vilishuka kutoka uwandani, kama vinavyofanya mara nyingi. Kwanza tuliwaona watu wa Sange wakipita na magodoro na kuku. Kisha ikawa milio. Wengi wa mjini walivuka Kavimvira kuingia Burundi. Mimi nilibaki kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa hawezi kutembea, na yule mjane wa taa alibaki kwa sababu alikataa kuziacha taa. Waliotuteka sitawataja. Kila kundi lina jina lake na kila jina lina tangazo lake redioni, na kwa mtu aliye chini ya kitanda yote ni mamoja.

Mafundi wa redio na simu walikuwa wa kwanza kutoweka. Waliowahi walikimbia. Waliochelewa walichukuliwa, maana jeshi la msituni bila redio ni kundi la watu wanaopotea. Halafu likatoka tangazo kwamba shule zifunguliwe, ili ionekane mji umetulia. Tukafungua. Nilikuta nusu ya darasa, na yule mtoto alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Walikuja asubuhi. Mkubwa wao alibisha hodi mlangoni kwa adabu. Nyuma yake walisimama watu wake wanne. Akawasalimu watoto, watoto wakasimama wakaitikia kama tulivyowafundisha. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya meza yangu. Ilikuwa ukurasa wetu.

Walikuwa wamelala katika ile shule ya Sange. Walivichoma vitabu vyetu kuchemshia chai, na mmoja wao, kabla ya kutia kimoja motoni, alikifungua.

"Madamu, munaona hii?" akaniuliza.

"Naiona, shefu."

"Banaandika hapa Kilibula. Banaandika mpaka jina ya masomo, ya hii shule. Na hii sura iko na alama hapa." Akagusa nyusi yake mwenyewe. "Ule binti iko wapi?"

Hakuna mtoto aliyegeuka. Darasa zima lilitazama ubao kana kwamba limeandikiwa mtihani. Watoto wetu wanajua kutotazama.

Alinieleza kwa upole kwamba redio zake zimekufa na mafundi wamekimbia. Alimtaka yule binti apande naye milimani, kwa siku chache tu. "Atarudia," akasema. Nilikuwa na wasichana wengine niliowafundisha ambao wazazi wao waliambiwa neno hilohilo. Nilijua wale waliorudi walirudi na nini, na nilijua wasiorudi.

Akaanza kupita kati ya madawati, ukurasa mkononi, akitazama paji baada ya paji. Kovu huwezi kulificha chini ya dawati. Nikaona angefika mstari wa pili kabla sijavuta pumzi. Basi nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nilicheka.

"Shefu," nikamwambia, "na nyinye mukasadiki? Ile ni mambo ya proje. Bale batu ba Kinshasa banapenda kuona mutoto mwanamuke na turnevis. Siye tunabachorea bile banapenda. Ule mutoto iko pale kwa dirisha, hajui kitu. Alishikaka tu ya picha."

Alisimama, akanigeukia. Nikaona haitoshi. Nikatafuta kichwani neno lenye nguvu zaidi, na lililokuja ni la enspekta.

"Mwanamuke akishika turnevis, bugali nani atapika?"

Wakacheka. Wote watano. Kilikuwa kicheko kilekile cha ukumbini, kwa urefu uleule. Miezi yote ile nilikuwa nimebishana na watu wenye vyeti kwamba msichana anaweza, na kila mmoja alitaka ushahidi. Kwamba hawezi, watu wenye bunduki walinikubalia kwa kicheko kimoja.

Ila yule mkubwa hakuwa mjinga. Akamwambia askari wake alete redio ya mkononi, akaiweka juu ya dawati la yule mtoto, na bisibisi juu yake. "Atengeneze, tuone."

Mtoto akasimama. Alinitazama mara moja. Sikumfanyia ishara yoyote, niliogopa. Kutoka nilipokuwa niliweza kuona ugonjwa wa ile redio: pale betri zinapogusa palikuwa pameota kutu ya kijani. Kwake ilikuwa kazi ya kukwangua tu, kazi ya mchezo.

Aliishika bisibisi kama kisu cha kumenyea muhogo. Akaiweka kwenye skrubu, akaizungusha upande wa kukaza, akakaza, akakaza tena, mpaka ikateleza na kumchoma kidole. Akanyonya damu. Kisha akageuza redio juu chini, akaitikisa sikioni, akauliza kwa sauti ya mtoto mdogo kuliko umri wake, "Inafungukaka wapi?"

Askari mmoja alicheka hata akashika ukuta. Mkubwa akachukua redio yake.

"Kweli, batu ba proje," akasema.

Waliuliza vifaa vya kwenye kitabu viko wapi, na direkta, ambaye nilikuwa nikimwomba ufunguo kila wiki, alifungua ofisi haraka akawakabidhi sanduku lote. Mlangoni yule mkubwa alinirudia. Hakuwa na ukali. Aliongea kama mzazi anayemshauri mwalimu.

"Madamu, muache kudanganya batoto mu bitabu."

Ukurasa aliuacha mezani kwangu.

Nimeulizwa, na wachache ninaowaamini, kama najuta. Sijuti. Angekuja kesho ningesema yaleyale, ningeongeza na mengine. Yule mtoto alilala kwao siku ile, na hilo halina bei. Kinachonikereketa ni kingine. Katika darasa lile walikuwamo watoto wengine, na wote walinisikia. Waliokuwa wakubwa kidogo walielewa kwamba madamu anaokoa mtu. Wengine walielewa nilichosema, jinsi nilivyokisema: kwamba kitabu kilikuwa uongo, na kwamba msichana alishika tu kwa ajili ya picha. Sikuweza kuwasahihisha. Mtoto huongea nyumbani, jirani husikia, na jioni wale watu wangekuwa wamerudi. Kwa hiyo niliuacha uongo wangu pale, wiki baada ya wiki, hadi mwisho wa mwaka, na Ijumaa kwenye kipindi cha teknolojia nilifundisha usafi wa mwili.

Wasichana wakaacha kugusa. Sikumkataza hata mmoja. Siku moja mtu alileta tochi, wavulana wakaifungua, na nikaona wasichana wamesogea wenyewe wakakinga viganja kupokea skrubu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya vyoo mpaka nikatulia.

Direkta alinipongeza. "Mulisema vizuri, madamu," akaniambia. "Na njo ukweli." Nilimtazama nikaona hatanii. Alidhani niliwaambia wale watu kile ninachokiamini, na kwamba zile kelele zangu nyingine zote ndizo zilizokuwa za proje.

Mama wa yule mtoto alikuja kwangu na sahani ya ndagala iliyofunikwa kitambaa cheupe. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Nilimkaribisha kiti, akakaa pembeni kabisa, akasema amekwisha kumpiga marufuku binti yake asiguse kitu chochote chenye waya, hata taa za nyumbani, hata mlango ukiwa umefungwa. Nikamuuliza taa zitatengenezwa na nani. Akasema zitakufa moja moja. Zilikufa moja moja kweli.

Wale watu waliondoka, wakaja wengine, nao wakaondoka. Miaka ikapita. Kisha mji ukapata tena kijisehemu chake cha amani na proje ikarudi, mama wa Kinshasa yuleyule, sasa amejua Kiswahili cha salamu. Kitabu kilikuwa kinachapishwa upya, kwa nchi nzima. Alikuwa amesikia kwamba vitabu vya majaribio vilipitia wakati mgumu, ndivyo alivyosema, na alitaka jambo moja tu kutoka kwangu. Alitaka foto ya yule msichana, alivyo sasa, amekuwa fundi, iwekwe kwenye jalada. Alikuwa na hakika amekuwa fundi. Nilijaribu kumsimulia. Aliandika kidogo, akaacha kuandika, akaniuliza kama kuna njia ya kulisema hilo kwa matumaini zaidi.

Hata hivyo nilikwenda kumtafuta yule msichana. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka nimwambie mbele ya watu yale niliyoshindwa kuyasema darasani. Nilimkuta ufukweni, amekuwa mama, mtoto mgongoni, anageuza ndagala pale mama yake alipokuwa akigeuzia. Akanipokea kwa heshima, akanipangusia jiwe nikae. Nikamwambia: siku ile nilidanganya. Nilikudanganyia. Wewe ulijua, na mimi nilijua kwamba unajua. Sasa hao watu hawapo, na kuna kitabu kinakutaka tena.

Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kuacha kazi.

"Hapana, madamu," akasema kwa upole. "Minye nilishikaka tu ya picha."

Hatua chache kutoka kwetu mvuvi mmoja alikuwa akijaribu taa iliyobaki, ya mwisho kati ya zile za baba wa huyu binti. Ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, naye anaipiga kwa kiganja na kuitukana. Kifuniko chake kilikuwa wazi. Waya ulikuwa umetoka mahali pake, hata mimi niliuona. Binti aliuona kabla yangu. Niliyaona macho yake yakifika pale, yakatulia, yakatoka. Kisha akamsogeza mtoto vizuri mgongoni, akainama, akaendelea kugeuza ndagala.